Kadi Tuliyompelekea Kocha

Haya, kaeni. Na huyo aliyebana kadi kwa kidole gumba katikati ya picha aiweke chini kabla sijasema neno la pili. Ndiyo, wewe mwenye fulana ya kijani. Nimestaafu, sijapofuka.

Kila Jumamosi mnanijia hapa Magomeni na kadi zenu za wachezaji, mmezitia kwenye bahasha, wengine kwenye kurasa za daftari, mmoja juzi kaniletea ndani ya mfuko wa maandazi, na swali lenu ni lile lile: "Bi Rukia, hii niipeleke?" Mnaniuliza kama vile mie mganga napiga ramli. Zamani nilikuwa namjibu mmoja mmoja. Leo nawajibu wote kwa mpigo, na nitawajibu kwa kusimulia, maana nikiwapa kanuni mnaziandika kwenye simu na habari yake inaishia humo.

Wapo wageni hapa, kwa hiyo nianze na hili. Kadi ya mchezaji unaweza kuipeleka ng'ambo ikapimwe. Kuna watu kazi yao ni hiyo tu: wanaitazama kwa lenzi, wanaipa namba kuanzia moja mpaka kumi, kisha wanaifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo juu. Ikipata kumi, bei yake inaruka. Ikipata sita, basi una picha ya mtu ndani ya plastiki. Na ada yao wanachukua kwa kila kadi, iwe imepata sifa, iwe imepata aibu. Ndiyo maana lazima awepo mtu wa kukaa mezani na kusema hii iende, hii ibaki. Mtu huyo, mjini Guangzhou, miaka ile ya mwisho ya tisini, nilikuwa mie.

Msiniulize nilijulia wapi mpira wa kikapu. Siujui mpaka leo. Mie nilikwenda China kwa ajili ya kanga. Wafanyabiashara wa Kariakoo walikuwa wanaagiza kanga kwenye viwanda vya kule, na walitaka mtu wao wa kukagua sampuli kabla ya mzigo kufungwa. Nikapanga chumba mtaa wa Xiaobei, wakati huo Waafrika tulikuwa wa kuhesabika, ukimwona mmoja barabarani mnakumbatiana hata kama hamjuani. Chini ya chumba changu palikuwa na duka la bwana mmoja, laoban Feng. Laoban ni bosi, ni mwenye duka, kule kila mwenye meza na kikokotoo ni laoban. Huyu alikuwa anauza kadi za wachezaji wa kikapu wa Marekani. Vijana wa China walikuwa wamepagawa na mchezo ule, duka linajaa kama foleni ya ukwaju mwezi wa Ramadhani.

Siku moja nimetandaza kanga ukumbini, naangalia pindo. Nyinyi wasichana mnajua, au mama zenu wanajua: kanga ina mji na ina pindo, na pindo likiwa pana upande huu na jembamba upande ule, hiyo kanga imekatwa vibaya, mwanamke mwenye macho haivai. Laoban Feng akapita, akasimama, akanitazama ninavyokunja kona kwa kona. Akashuka mbio, akarudi na kadi mkononi. Akaniuliza, "Na hii?" Nikautazama ule ukingo mweupe unaozunguka picha. Nikamwambia, "Pindo lake la kushoto limeliwa." Akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Wiki iliyofuata nikawa nakaa dukani kwake asubuhi, na mchana naenda kwenye kanga zangu.

Sasa msije mkadhani niliingia nikawa bingwa. Mzigo wa kwanza niliouchagua mie ulirudi na namba za kutia huruma. Laoban Feng akazipanga mezani. Kadi zote nyuso zake zilikuwa safi, pindo sawasawa, nilikuwa tayari kuapa. Basi akazigeuza moja moja. Nyuma kwake, chapa imekwenda upande, nyingine imekwenda mpaka inakaribia kudondoka. Ala! Mie sikuwa nimegeuza hata moja! Kanga haina mgongo, wanangu. Kanga nzuri rangi inapenya upande wa pili, huku na huku ni kule kule. Nilikuwa nimekagua kanga tangu nina usungo, sijachezwa unyago, na akili yangu ilikuwa haijui kwamba kitu kinaweza kuwa na nyuma. Kwa hiyo somo la kwanza, geuza. Na somo la kwanza na nusu: ukijua kazi moja, usidhani ya pili ni mdogo wake.

Mikono, osha kama unaenda kula pilau, na ikauke. Miaka ile mie nilikuwa napaka mafuta ya nazi mikononi kila asubuhi kama mwanamke yeyote wa pwani anayejiheshimu, na kadi zile za kung'aa zilikuwa zinabaki na ramani ya vidole vyangu. Nikaacha. Mikono ikapauka kama ya fundi saruji, lakini kadi zikapona. Na kadi inashikwa kingoni, kwa ncha za vidole, juu ya kitambaa cheusi, ili kona ikiwa imechanika hata unyuzi mmoja ule weupe uonekane.

Halafu unyevu. Guangzhou, baridi ikiisha, kuna majuma hewa inakuwa nzito hivi kwamba kuta zinatoa jasho. Sio maneno ya kunogesha, maji yanatiririka ukutani na sakafu inateleza. Kadi zinapinda kama kaukau za viazi. Laoban Feng alikuwa na dawa yake: vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokaa kwenye maboksi ya viatu. Vinatupwa tu. Basi alikuwa anamtuma muuzaji wake, A-Wen, kwenda barabara ya Zhanxi karibu na stesheni, kwenye maduka ya viatu ya jumla, akaviombe kwa mifuko. Kijana anapita katikati ya mikokoteni na watu wanaogombania bei, anarudi na mfuko wa vipakiti. Baadaye nikagundua anakwenda hata jua linapowaka.

Kabla sijafika kwa A-Wen, nimalize la wanaotaka kupeleka zote. Alikuja mfanyabiashara mmoja wa Lubumbashi, Papa Kalonji, mtu mkubwa, suti imepigwa pasi. Alinunua jezi barabara ya Guangyuan Xilu na muuzaji kampa bunda la kadi kama nyongeza. Akaniwekea mezani. "Mama Rukia, tuma yote. Kama iko mbaya, batatuambia kule." Nikamwambia, baba, wao watatuambia, lakini watatuambia kwa ada. Akasema, "Mungu njo anajua." Nikamwambia Mungu anajua, na mie pia najua, hizi zimekaa mfukoni na funguo. Alinuna, akaenda kula, akarudi kuniaga vizuri. Nyinyi mnaocheka, nusu yenu ni Papa Kalonji bila suti.

Basi, A-Wen. Huyu ndiye nataka mumsikilize.

A-Wen alikuwa kijana mwembamba, mpole, kutoka kijijini mkoa wa mbali, na alikuwa na ugonjwa mmoja mbaya sana kwa muuzaji: ukimuuliza anajibu kweli. Mteja anashika kadi, anauliza, "Nzuri hii?" A-Wen anasema, "Hapana, ina mkwaruzo." Laoban Feng alikuwa anapiga meza kwa kikokotoo. "Nani kakuuliza?" A-Wen anashangaa: "Yeye." Nilimpenda yule kijana, lakini kuna siku nilitamani kumziba mdomo kwa gundi.

Kumbe kule Zhanxi kwenye vipakiti alikuwa amempata A-Mei. Binti anauza viatu, mchangamfu, ana mdomo, anawapangia foleni wateja watano na kuwapigia hesabu wote bila kukosea. Wakapendana. Tatizo likawa baba yake. Mzee Deng alikuwa kocha wa timu ya kikapu ya kiwanda maisha yake yote, amestaafu, na alipoambiwa kijana anauza kadi za wachezaji, alisema hapana. Neno lao la kukataa ni bu xing, na alilisema, A-Wen alisimulia, hata kabla chai haijapoa.

A-Wen akanieleza yote akiwa ameinama anapanga bahasha. "Dajie," aliniambia, ndivyo alivyoniita, dada mkubwa, "mzee anasema amefundisha vijana maisha yake yote, na kila mmoja alijiona bingwa mpaka filimbi ilipolia. Anasema mimi nakaa chumbani nauza picha na kujisifu. Hajawahi kuona mtu asiyenijua akiipima kazi yangu."

"Na wewe ulijisifu?"

"Hapana."

Nilimwamini, sina haja ya kusema kwa nini.

Mzee alikuwa ameacha mlango wazi kidogo tu. Alisema: niletee kitu kimoja cha kazi yako, ulichokichagua wewe, na mtu wa mbali asiyekujua akakipima. Nitakiona, halafu nitasema neno langu, na nikishasema sirudii. A-Mei naye alisema baba akikataa mara ya pili yeye atatii, analia lakini atatii. Kwa hiyo mambo yalikuwa hivyo. Kadi moja, na A-Mei.

A-Wen alijua ni kadi ya nani. Mzee Deng alikuwa na mchezaji wake mmoja kipenzi, mfupi, asiye na jina kubwa, hafungi sana, kazi yake kutoa pasi. Hakuna kijana aliyemtaka. Sisi dukani tulikuwa na boksi zima la kadi zake, na tulikuwa tumelisukumia chini ya mguu wa meza kwa sababu meza ilikuwa inayumba. Sasa hapo mie mwenyewe nilimwambia A-Wen, huna akili. Kanuni ya kwanza ya kazi yetu: kadi ambayo ada ya kuipima ni kubwa kuliko bei yake, haiendi. Hata ikipata kumi unapata hasara. Akaniambia, "Dajie, hii siiuzi."

Hebu kumbukeni hilo. Mkija kwangu swali langu la kwanza si kadi inafaa au haifai. Ni unaitakia nini.

Tukalivuta boksi kutoka chini ya mguu wa meza, tukaweka tofali mahali pake. Tukaanza kuchambua. Mwanzo unachambua kwa jicho tupu, unatupa zile zilizokunjika, zenye doa, zilizobonyea, na hizo zilikuwa nyingi kwa sababu zimebeba meza miaka. Pili unaangalia pindo, mbele na nyuma, mie nikiwa nimeshatiwa adabu. Tatu kona, kwa ile lenzi ya masonara. Nne uso: unailaza kadi chini ya taa, unaiinamisha taratibu, mwanga upite juu yake kama mtu anayefagia, na mkwaruzo ukiwepo utajitokeza wenyewe. Usiitazame moja kwa moja, kadi ikitazamwa moja kwa moja inakuwa mrembo, ndivyo ilivyo.

Tulifanya kazi hiyo asubuhi nyingi kabla ya wateja. Zikabaki mbili. Ya kwanza ilikuwa na kona kali kama zimekatwa leo, lakini mbele pindo limekwenda kulia. Ya pili mbele yake ilikuwa, wallahi, kama kanga ya harusi, mizani kila upande. Nikaigeuza. Nyuma pia pazuri, pindo limekwenda upande kidogo sana, lakini kona ya chini kushoto palikuwa na chembe nyeupe. Nilihitaji lenzi kuiona.

Nikasema, "Hii. Hiyo chembe haionekani."

A-Wen akasema, "Mimi nikishajua ipo, naiona tu."

"Wao hawajui ipo!"

"Kazi yao ni kuiona, dajie."

Tukapitia tena boksi zima, kwa sababu yake, tuone kama tumeruka iliyo bora. Hakuna. Basi ikawa ile ya pili, na A-Wen alisema maneno ambayo nilidhani ni ya unyonge: "Hii ndiyo bora tuliyo nayo. Si kamili."

Sasa nafasi. Wakala wetu wa Hong Kong, aliyekuwa anapeleka mizigo Marekani, alilitengea kila duka nafasi zake kwa kila safari, na safari zilikuwa za kusubiri miezi. Kwenye safari ile nafasi zote zilikuwa zimejaa isipokuwa moja, na laoban Feng alishaiweka kadi yake, ya kung'aa, ya mrukaji maarufu ambaye simtaji hapa maana mtaanza kugombana. A-Wen akaomba. Laoban Feng akacheka, halafu alipoona kijana hacheki, akakasirika. "Nimpeleke kibeti wa kubeba meza niache dhahabu? Bu xing!"

Nilimwomba aniletee hiyo dhahabu niitazame mara ya mwisho. Sikuwa na hila, nawaambia kweli, ilikuwa ni kazi yangu kutazama mara ya mwisho. Nikailaza chini ya taa, nikainamisha. Katikati ya uso, palepale kwenye goti la mchezaji, ukapita mstari mwembamba, alama ya ukucha. Nikamwita. Akasema taa mbovu. Tukaenda dirishani. Akasema jua kali. Akaiinamisha mwenyewe mara kadhaa, akavuta pumzi, akatamka neno la Kikantoni ambalo sitawafundisha. Akaivutia sigara ile kadi kwa hasira, halafu akasema, "Mweke huyo kibeti. Ada atalipa mwenyewe kutoka mshahara." A-Wen alimshukuru mpaka laoban akamfukuza aende Zhanxi.

Tukasubiri. Mzee Deng huko kwake hakutuma neno. A-Mei alikuwa anakuja dukani na kisingizio cha kuleta vipakiti mwenyewe, anatazama mlangoni, akimwona wa posta anashika kifua. Nikamwambia A-Wen, mzigo ukirudi, nani atakwenda kwa mzee? Wazazi wake walikuwa mbali na ni wakulima wanaoogopa mjini. Laoban Feng angeanza kumtajia mzee bei. Nilikuwa nimewahi kuwasimulia pale dukani jinsi kwetu posa inavyopelekwa, mshenga anavyoingia na maneno yake, kwa hiyo A-Wen akaniangalia mie. "Dajie, wewe ni mgeni. Hawezi kukufokea." Haya bwana. Nikawa mshenga wa Kichina.

Na nikaja na masharti yangu. Kwetu kinachopelekwa kwa mwenye binti kinakwenda kimefunikwa, wa kwanza kukifunua ni wao. Mzigo uliporudi, nikamfukuza A-Wen dukani, nikageuza uso wangu ukutani, nikamwambia laoban Feng aitoe hiyo kadi na kuifunga kwenye karatasi asiseme neno. Nikamsikia anafungua, kimya, anafunga. Yule mtu alikuwa mcheza mahjong, kamari ya kule, uso wake haukusema kitu, nilijaribu kuuchungulia, hola. Nikaiviringisha kwenye kanga mpya, nyekundu, nilimchagulia mzee iliyo na pindo sawa. Na nikaifukiza kanga udi. Kanga, sio kadi, msije mkaifanyia kadi ujinga huo.

Kwa Mzee Deng palikuwa chumba kidogo cha nyumba za kiwanda, kitanda, meza, mpira wa zamani juu ya kabati. Mzee mrefu, mgongo wima, mkewe kamimina chai. A-Mei kasimama mlango wa jikoni. A-Wen kakaa mikono magotini kama yuko kwa daktari.

Nikaanza. Kichina changu, wanangu, kilikuwa cha sokoni, nimekijifunzia kwenye vitambaa, kwa hiyo nilimsifu kijana kwa maneno niliyokuwa nayo. Nikasema ni imara. Nikasema ametengenezwa vizuri. Nikasema hachuji rangi ukimfua. Mke wa mzee akatazama pembeni mabega yanacheka, lakini mzee hakucheka. Akaweka mkono juu ya ile kanga na hakuifunua.

"Humu mna namba," alisema. "Nani ameiona?"

Nikamweleza desturi yetu. Akaitikia kwa kichwa, akaonekana amependa. "Basi kabla sijafungua, niambieni ni ngapi."

Mshenga haingii kwa watu na bidhaa ya wasiwasi. Nikajibu hapo hapo, kifua mbele, "Kumi!"

Mzee akamgeukia A-Wen. "Na wewe?"

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Nilimkanyaga kwa kisigino, kiatu cha ngozi alichoniuzia A-Mei mwenyewe. A-Wen akatazama ile kanga, akasema, "Nane."

Jamani! Nilimwona A-Mei kajishika mdomo. Mzee Deng akaegemea nyuma, sauti ikapanda. "Mimi nina binti mmoja. Umenitafutia kitu kimoja, umepewa miezi, na unanijia na nane?"

A-Wen uso umekuwa mwekundu, lakini hakukimbia. "Nilipitia boksi zima, mara mbili. Hii ndiyo bora iliyokuwepo. Nyuma, kona ya chini kushoto, ina chembe nyeupe, na pindo la nyuma limekwenda kidogo. Niliona kabla sijaituma. Sikuwa na nyingine."

Mzee akaifunua kanga. Akachana karatasi. Akashika lile kasha la plastiki mbali na macho, kama wazee wanavyosoma, akaisoma lebo. Akainuka akaenda kuchukua miwani, akaivaa, akaligeuza kasha, akatafuta kona ya chini kushoto. Alitafuta, wanangu. Chai ilipoa. Mie nilikuwa nasali kimoyomoyo hata sijui naombea nini, namba kubwa au ndogo.

"Hii hapa," akasema mwishoni, kwa sauti ya chini kabisa. Akaliweka kasha mezani, lebo juu. Nane.

Akavua miwani. Akamwita binti yake kutoka mlangoni, na akamwonyesha A-Wen kwa kidole. "Umemsikia huyu? Mtu kama huyu ukiunguza wali atakwambia umeungua. Ukivaa nguo mbaya atakwambia mbaya. Ukizeeka atakuhesabia mvi. Utaweza kuishi naye?"

A-Mei alikuwa analia na anajifuta kwa mkono wa blauzi.

"Baba," akasema, "wali wa jana ameshaniambia."